Mimba Waliyoizika Wakati Mtoto Anacheza

Sisi tuliokulia Mnyambe enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kutandazwa mpaka chini ya mikorosho na kila mwenye chumba kando ya barabara akafungua duka, tulikuwa na burudani moja ambayo watoto wa leo hawaijui. Mama akiwa mjamzito, jioni tulipanga foleni mkekani, sisi na watoto wa jirani, kugusa tumbo lake. Hatukuwa na televisheni, tulikuwa na tumbo la mama. Mikono yetu bado inanata maji ya mabibo, kila mmoja anaweka kiganja, na mtoto akirusha teke tunaangua kicheko mpaka baba anatukemea kutoka nje: "Mwacheni mwenzenu alale!" Mdogo wangu Kasto alinipiga teke mimba ikiwa ya miezi mitano tu, na nilijivuna shuleni wiki nzima.

Kwa huyo aliyemfuata Kasto, hapakuwa na teke.

Tumbo lilikua kama kawaida. Mama alitapika, akachukia harufu ya kisamvu, akavimba miguu. Lakini mikono yetu ilikaa pale mpaka ikachoka. Mwanzoni mama alicheka. "Huyu mvivu, kamrithi baba yenu." Mimba ilipopita mwezi wa tano, akaacha kucheka, akaacha na kutuita mkekani.

Maneno yalianzia bombani. Maji siku zile yalitoka yanapotaka yenyewe, na watu wakishapanga ndoo, midomo haina kazi nyingine. Shangazi Sabina, dada yake baba, ndiye aliyefungua. "Tumbo la wifi yangu halina uhai," alisema. Mwingine akadai mimba imehamia mgongoni. Wa tatu akasema hakuna mimba pale, ni uvimbe, mwanamke anamdanganya mume. Haya yote mimi nimesimama na ndoo yangu! Nilikuwa nimewaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, wakaniitikia "marahaba, mwanangu" kwa sauti tamu, kisha wakaendelea kumzika ndugu yangu mbele yangu. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Walidhani mtoto wa darasa la nne hana masikio?

Shangazi hakuishia bombani. Alituletea nyumbani mtu aliyefungua duka la dawa hapo kijijini, bwana aliyekuwa akiuza betri na sabuni, sasa kavaa koti jeupe na watu wanamwita Dokta. Alimbinya mama tumbo, akalaza sikio juu ya kanga, akatikisa kichwa.

"Kimya. Limeshakufa. Nikimchoma sindano leo, kesho linatoka."

Limeshakufa! Ndugu yangu aliitwa hivyo ndani ya nyumba yetu, na baba yangu, mtu mpole mno, alitazama chini akasema, "Labda tumsikilize, Mama Stela. Dada hawezi kututakia mabaya."

Mama aliinuka kwenye mkeka akajifunga kanga vizuri. "Sindano yako kamchome mkeo," alimwambia yule bwana. "Mimi nakwenda hospitali, nikapimwe na watu waliosomea."

"Ukifia njiani usiseme hatukukwambia," shangazi akasema.

"Nikifia njiani nitasemaje, wifi?"

Asubuhi tulidandia lori la wafanyabiashara wa korosho, wale wageni waliokuwa wameanza kumiminika vijijini. Baba alibaki na Kasto, mimi nikaenda na mama. Tuliketi juu ya magunia tukateremka kutoka uwanda wetu wa juu kuelekea Masasi, na kila mara lori liliporuka shimo, mama alilikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili. Tulipopumzika alininunulia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi. Yeye hakula. Nilikula huku naona aibu kwa kuona utamu.

Hospitalini mkunga alimpokea kwa upole. Aliweka kile chombo chao cha kusikilizia kama tarumbeta ndogo, akasikiliza juu, akahama, akasikiliza ubavuni, akahama tena. Mama alifumba macho. Mwisho mkunga akatabasamu, lakini akataka daktari naye aangalie kwa mashine ya picha. Ndipo tukaelezwa.

"Kondo la nyuma kwako limejishika upande wa mbele," mkunga alisema. "Mtoto yuko nyuma yake. Ni kama anapiga mateke kwenye godoro, huwezi kuyasikia mapema. Si ugonjwa, inawatokea wengi. Utamsikia kwa kuchelewa, huku chini na pembeni. Ila ukishamzoea, siku akipunguza kucheza usikae nyumbani, njoo haraka."

"Kwa hiyo amekuwa akicheza siku zote?"

"Siku zote, mama."

Mama akalia. Nilifikiri ni furaha, na furaha ilikuwemo. Lakini alipopangusa uso alisema kwa hasira, "Mwenzangu anacheza, na mimi wamenikalisha matanga."

Tulirudi. Siku moja mama anamenya muhogo uani, akaangusha kisu. "Stela! Njoo!" Akauvuta mkono wangu, akaubana chini, karibu na nyonga. Kusema kweli sikusikia kitu. Lakini niliuona uso wake, nikaamini. Baba akaja mbio kutoka ndani, akanyoosha mkono naye. Mama akausukuma.

"Wewe ulishamzika, Baba Stela. Ngoja azaliwe."

Alizaliwa Linus, mweusi tii, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Na nani alipiga vigelegele vya kwanza siku ya ubatizo? Shangazi Sabina! Alikaa mbele, akala paja la kuku, akawaambia wageni kwamba yeye alijua tangu mwanzo ni mimba ya kiume. Hakuna aliyemwomba mama radhi. Yule Dokta aliendelea kuuza sindano zake, na hakuna aliyemuuliza. Wanawake wangapi hawakuwa na ukali wa mama yangu, wakanyoosha mkono wakachomwa? Hilo huninyima raha.

Wenzangu wa rika langu mnapenda kusema zamani watu walipendana. Ni kweli, natamani utoto ule, harufu ya korosho zikichomwa, mchezo wa rede mpaka giza linatufukuza. Nyumba ilikuwa ya wote. Lakini na tumbo la mtu lilikuwa la wote, kila mmoja akalitolea hukumu.

Juzi binti wa Kasto, aliyeolewa Tandahimba, amenitumia video ya tumbo lake likipanda na kushuka, kaiwekea na muziki. Kizazi hiki! Hata teke la mtoto lazima lipigiwe ngoma. Nikacheka, nikaitazama tena na tena, nikamwonea wivu kwa niaba ya mama yangu. Nikamwandikia kwamba amenifurahisha.

Akajibu: "Shangazi, wifi yangu hapa anasema mtoto anayecheza hivi si wa kawaida, anataka niende nikaombewe."

Sikuandika tena. Nilipiga simu, na alipopokea nikamwambia, "Mpe simu huyo wifi yako."