Majani ya Njia Panda

Kabla ya uhuru nilikuwa karani wa tanuri moja la mikate huko Changamwe. Kalamu sikioni, kola imepigwa pasi, na kiburi tele. Mahamali wanne walisukuma mikokoteni ya mikate hadi madukani. Mvua iliponyesha njia ziligeuka matope, wakachelewa, na lawama zikaniangukia mimi.

Siku moja nilimkuta mmoja wao, mzee wa Kigiriama, amechutama nyuma ya tanuri akitazama sisimizi wakibeba makombo. Sikumwamkia. Nilimuuliza kama amelipwa kutazama wadudu.

"Bwana karani," akasema, "hawa hawana msimamizi. Apitaye njia fupi hurudi mapema, akaacha harufu, wenzake wakaifuata. Njia isiyopitwa, harufu yake hufa. Nasi tuweke majani."

Niliguna tu. Lakini wakaanza: kila aliyerudi na mkokoteni mtupu aliweka kijitawi cha mwarobaini kwenye mdomo wa njia aliyopita. Aliyefuata alishika njia yenye majani mabichi mengi, yaliyonyauka hayakuhesabiwa. Haikupita muda mikate ikawa inafika ingali moto, hata wakati wa masika.

Tajiri mwenye tanuri akaniita. "Nani aliyebuni haya?"

"Mimi, bwana."

Akanipa mkono, akanipa na meza karibu na yake. Kisha akasema kwa mwendo huu mahamali watatu wanatosha. Aliyezidi umri aende. Nilijua ni nani. Nilijua pia kwamba neno langu moja lingembakisha yule mzee, ambaye hakuwa na kazi nyingine wala mwana wa kumtunza. Nilinyamaza. Naona haya hata kuliandika.

Siku yake ya mwisho alirudisha mkokoteni, akaweka kijitawi chake njia panda kama kawaida, wenzake wapate njia. Kisha akaja kuniaga.

"Kwaheri, bwana karani. Usiwaache wakafagia majani."

Juzi mjukuu wangu anayesomea kompyuta alinionyesha vinukta vikitafuta njia fupi kwenye kioo, vikiacha alama zinazofifia. Wataalamu wameiga sisimizi, akasema. Nikamwambia sisi Changamwe tulifanya hivyo kwa majani.

"Wallahi, babu? Nani aliyebuni?"

Mzee yule alikwishakufa zamani. Tajiri naye alikwishakwenda kwao. Hapakuwa na meza ya kupewa wala kazi ya kupoteza. Nikafungua kinywa, nikasema, "Mimi."