Mama Mkwe Ndani ya Kinasa Sauti

Leo nawaruhusu mnicheke mpaka mbavu ziwaume. Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, huku Puge. Juzi bwana mmoja wa elimu alituletea kinasa sauti, nami nikajipa kazi ya kuwatoa ushamba wazee wa darasa langu.

"Msiogope! Humu ndani hamna mtu, ni sauti tu," niliwaambia, nikikigongagonga kama vile nimekiunda mwenyewe.

Kikawashwa. Zilikuwa sauti za wanafunzi wa kisomo wa kijiji cha Ntalikwa, wakisoma mmoja mmoja. Mara nikasikia sauti ninayoijua: "Mimi ni Mwamini binti Saidi. Sasa najua kusoma."

Mama mkwe wangu! Kwetu mkwe humtazami usoni. Ukimsikia anakuja, unampisha. Basi miguu yangu haikuniuliza. Nilishtukia niko dirishani, nusu nje nusu ndani, kaptula imenasa kwenye msumari.

Mzee Lusangija, mwanafunzi wangu mkongwe kuliko wote, akavua shuka lake na kukifunika kinasa sauti taratibu, kwa adabu.

"Rudi tu, mwalimu," akaniita. "Mkweo tumeshamfunika."