Roboti Nne na Turubai la Mama

Asubuhi hiyo ndugu yangu mkubwa alikuwa ameshapakia kitanda cha Mama kwenye pikapu. Uamuzi ulipitishwa nyumbani kwake Bungoma, Mama mwenyewe akiwa hayupo: goti limekataa, mwaka jana mahindi yalilowa aliposhindwa kukimbia kuyafunika, basi atoke Kitale aje apumzike. Apumzike! Mama yangu hajui kupumzika. Mkalishe kwenye sebule ya watu uone atakavyokwisha kama sabuni.

Nikamwomba ndugu yangu siku moja tu. Mvua ikija na roboti zangu zikafunika mahindi bila mtu kugusa, Mama anabaki. Zikishindwa, nitambebea mto mimi mwenyewe. Akacheka. "Ati roboti. Sawa bana, siku moja."

Nilizitengeneza Kanduyi, kwenye veranda yangu, kwa mota za waipa za kufutia vioo vya magari yaliyokufa. Kila moja ilikuwa na kimo cha ndoo. Kazi yao ni kushika kamba za turubai na kulivuta juu ya mahindi yaliyoanikwa. Kuvuta si kazi, hata mbuzi anavuta. Kazi ni kuvuta pamoja. Moja ikitangulia, turubai linakwenda upande na mahindi yanabaki uchi. Na mvua ya Kitale haina adabu. Ukiona wingu limeshuka kutoka mlimani, hata chai hutaimaliza.

Tukajaribu kwanza jua likiwaka. Nikamwagia maji kile kipande kinachohisi mvua. Roboti tatu zikatoka ghalani, zikashika kamba zao, zikasimama tuli. Ya nne ilikuwa imepanda gunzi la mahindi, magurudumu yanazunguka bure. Wenzake wakaingoja. Wakangoja tu.

"Si zinangoja pasta aje aombe?" ndugu yangu akauliza.

Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Kwetu chakula kikishawekwa mezani, hakuna mkono unaoingia sahanini mpaka wote wafike na maombi yafanywe. Nimekula ugali baridi utoto wangu wote kwa ajili ya mjomba mmoja mchelewaji. Na nilipoandika programu niliwapa roboti malezi hayo hayo bila hata kufikiri: asianze mtu mpaka wote wawe tayari. Mezani ni heshima. Kwenye mvua ni upuuzi.

Mama alikuwa ameanza kuchechemea kuelekea turubai, mkono kwenye goti. "Mama, keti," nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyotaka. Akaketi. Ndugu yangu akaenda kukaza kamba za pikapu.

Nikafungua kompyuta juu ya gunia. Sikuogopa, kazi yangu naijua. Nikaandika upya: ngojeni kidogo, mwenzenu asipotokea, aliye jirani naye achukue na kamba yake, muanze. Atawakuta njiani. Ndugu yangu akasema si nifagie tu hayo magunzi. Nikamjibu kwamba magunzi hayaishi Kitale, na mimi sitakuwa hapa kila siku na ufagio.

Mchana wingu likashuka. Matone ya kwanza yakapiga bati, roboti zikatoka. Ya nne, mjinga yule yule, ikakwama kwenye gunzi jingine. Tatu zikashika kamba zikasimama. Mama alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, tayari kuinuka.

Kisha ile ya pembeni ikasogea, ikachukua kamba ya pili, na zote tatu zikavuta. Polepole, sawasawa, mpaka turubai likafika ng'ambo, zikakaa juu ya ukingo wake badala ya mawe ya kulizuia lisipeperuke. Mvua ikamwagika. Ya nne ilifika baadaye, imelowa chapachapa, ikakaa mahali pake.

Mama aliyatazama mahindi yake, kisha akageukia pikapu iliyokuwa wazi kwenye mvua.

"Wewe," akamwambia ndugu yangu, "kitanda changu kinalowa. Kirudishe ndani."