Chembe ya Ukingoni mwa Meza

Kila nikisugua nyanya na kitunguu saumu juu ya mkate, harufu ile hunirudisha Yeoville, mtaa wa ugenini nilikokulia, kwa bibi Mkatalani aliyeishi peke yake ghorofa ya juu yetu. Mama, fundi cherehani kutoka Tanga, siku moja alinituma nimpelekee gauni alilomshonea.

Bibi alinipa mkate kama huo, unaochuruzika mafuta ya zeituni. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama lugha anayojisemesha jikoni ni Kihispania.

"Wapi! Ni Kikatalani. Ni ndugu yake, si mtoto wake."

Akapanga chembe za mkate mezani kuonyesha inakosemwa: Barcelona, Valencia, visiwa, kona ya Ufaransa, nchi ndogo milimani, mji mmoja Sardinia. Shuleni walikatazwa kuisema, alinieleza, kwa hiyo mama yake aliinong'ona. Kisha akaweka chembe moja mbali, ukingoni mwa meza.

"Yeoville," akasema. "Na lugha ya mama yako inasemwa wapi?"

Mkate mzima usingetosha chembe za kote inakosemwa. Lakini shuleni kwangu hakuna aliyenikataza, walinicheka tu.

"Siijui," nikasema.

Bibi akaiokota ile chembe ya ukingoni, akaila.

Niliposhuka, mama aliinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Bibi wa juu kasemaje, mwanangu?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida, kwamba hakusema kitu. Mama akarudisha macho kwenye sindano.

Siku hizi mama hayupo, na ni mimi ninayejisemesha jikoni.

"Karibu tule, mama," nasema, kwa lugha yake.