Mwaka Niliojifunza Kupika Chapati

Kiwanda kilipofunga idara yetu, sisi tuliokuwa tukiendesha mashine za mitungi ya plastiki tuliitwa uani, tukashukuriwa, tukapewa kila mtu soda yake, tukaambiwa twende nyumbani. Nakumbuka niliinywa ile soda mpaka tone la mwisho. Sikutaka kuwaachia kitu.

Wiki za kwanza nililala. Mke wangu aliuza nguo za watoto za mitumba Gikomba, na kwa kuwa tuliishi Shauri Moyo, alitoka alfajiri kwa miguu ili afike marobota yakifunguliwa. Akirudi jioni alinikuta palepale aliponiacha, nikiitazama dari. Nilikuwa nimeijua dari ile vizuri sana. Ilikuwa na doa la maji lenye umbo la kuku, na siku nyingine niliona kama anataka kutaga.

Jioni moja alivua viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Hebu niambie," akasema, "hiyo dari imekuandika kazi?"

"Bado," nikamjibu, na kicheko kikanitoka bila kupenda.

"Basi kesho amka na mimi. Hata kama kazi haipo, tuonane asubuhi kama watu."

Tukaamka pamoja. Yeye alishika njia ya Gikomba, mimi nikaenda upande wa viwandani, karibu na Mukuru kwa Reuben, ambako wanaume walisimama langoni wakingoja msimamizi atoke anyooshe kidole. Kikikuangukia, umepata kibarua cha siku hiyo. Mimi mara nyingi kilinipita kikamwendea aliye nyuma yangu, kijana mwenye mabega. Haikuniuma sana. Kilichoniuma ni saa zilizofuata, maana lango likishafungwa jua huwa bado changa, na mchana wa mtu asiye na kazi ni mrefu kama mkia wa foleni ya hospitali.

Wengi tuliumalizia maskani, kijiwe chetu nje ya kinyozi. Hapo walikuwapo wenzangu watatu wa mtaa: fundi wa bomba aliyekosa wateja, askari wa duka lililofungwa, na dereva ambaye tajiri wake alikuwa ameliuza gari. Tulizungumza siasa mpaka siasa zikatuchoka.

Siku moja nikajiuliza mke wangu anakula nini mchana. Nilipomuuliza, akasema siku nyingine githeri, siku nyingine hali kabisa, wateja wakiwa wengi. Nikaona hapo pana kazi ambayo hakuna msimamizi wa kuninyima. Nikaanza kumpikia na kumpelekea chakula kibandani. Nilianza na wali, kisha ugali na sukuma. Alikula na kushukuru, ila siku moja alipumua, akasema, "Ningepata chapati leo, ningeuza mpaka kibanda chenyewe."

Mimi chapati nilikuwa najua kuila tu. Kwetu Murang'a ilikuwa chakula cha Krismasi, na wanaume tuliiona ikishafika mezani. Lakini kesho yake nilinunua unga wa ngano, nikamwaga maji, nikaanza kuugonga mezani kama niliyemkamata mwizi. Chapati ya kwanza ilitoka ngumu hata kisu kikateleza juu yake. Nikiwa naigeuza ya pili nikasikia hodi. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, ajuza Mwislamu aliyezaliwa Pumwani, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyanya.

"Mwanangu," akasema, "unagongomea misumari, au kuna nini humu?"

"Napika chapati, Nyanya."

Akaiokota ile ya kwanza, akaigonga kwa ukucha. Ikalia. Alicheka hadi akatafuta kiti.

Kisha akakunja mikono ya buibui. "Maji yawe vuguvugu. Unga haupigwi, unabembelezwa. Haya, kanda. Tena. Sasa funika, nenda kaoge."

"Nikaoge?"

"Ukikaa hapa utauchungulia, na unga hautaki kuchunguliwa."

Nikaenda kuoga. Niliporudi, donge lilikuwa laini kama sikio la mtoto. Akanionyesha kupaka mafuta, kuviringisha kama kamba, kukunja kama konokono, kisha kusukuma. Nilirudia siku nyingi kabla hajaacha kutikisa kichwa.

Siku niliyompelekea mke wangu chapati za kueleweka, alikula ya kwanza mpaka makombo. Ya pili akaikata nusu, akampa mwenzake wa kibanda cha pili, muuza mapazia. "Onja," akamwambia, "uone ninavyoteswa na huyu mwanamume." Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyepandishwa cheo.

Maskani habari zilikuwa zimenitangulia. Nilipopita nikitoka kibandani na bakuli langu la chakula, dereva akapaza sauti, "Buda, umekaliwa chapati!" Nairobi maneno hayo husemwa kwa mwanamume anayeendeshwa na mkewe. Wote wakaangua kicheko. Nilisimama, nikafunua bakuli, nikawagawia zilizobaki. Kicheko kikakatika. Walitafuna, kisha askari akajipangusa mdomo.

"Kama huku ndiko kukaliwa," akasema, "na mimi nitafutieni wa kunikalia."

Muda si mrefu mjukuu wa Nyanya akapata mchumba. Arusi ikiwa mlangoni, mama aliyekuwa amewekwa kupika chapati akaitwa kwao kwa msiba. Nyanya akaja kwangu na uso wa kazi. "Nataka mikono," akasema. "Na si yako peke yake."

Nikaenda maskani, nikawaeleza. Walitazamana. Hakuna aliyekuwa na udhuru wa kuwa na shughuli nyingine.

Asubuhi ya arusi tulikuwa uani kwa Nyanya, tumenawa mikono mpaka kwenye viwiko. Fundi wa bomba alikuja na chupa yake ya kusukumia. Nyanya aliichukua, akainusa.

"Hii ilikuwa na nini?"

"Zamani, Nyanya... juisi."

"Juisi ya shayiri. Itoe hapa kwangu."

Akampa mti wa kusukumia. Askari aligundua ana viganja vya kukanda, akawa hatoki kwenye karai. Dereva alikaa jikoni akigeuza, akiungua vidole na kupiga kelele, lakini hakukubali kumwachia mtu mwingine. Kina mama waliokuwa wakichambua mchele waliacha mchele, wakatoa simu kutupiga picha. Rundo likapanda. Wageni walipokula, mzee mmoja wa upande wa bwana arusi aliuliza nani amepika. Nyanya akatuonyesha kwa kidevu, tumejipanga ukutani, weupe kwa unga. Fundi wa bomba akanyoosha kola yake, akaichafua zaidi.

Mgeni mwingine, mwenye karakana ya matangi ya maji huko Komarock, aliposikia nimewahi kuendesha mashine za plastiki aliniambia niende nimwone. Nikaenda nimevaa shati la kanisani. Akaniuliza lile swali tunaloliogopa sote: "Tangu uachishwe, umekuwa ukifanya nini?"

Watu walikuwa wamenishauri niseme biashara ndogo ndogo. Mimi nikasema, "Asubuhi natafuta kazi. Mchana napika. Nimekuwa hodari wa chapati."

Alicheka, tukazungumza sana, lakini kazi hakunipa. Alihitaji mtu anayejua kuchomelea. Nilipokuwa nikirudi kwa Barabara ya Kangundo, nilingoja moyo uanguke kama ulivyozoea. Haukuanguka. Nilijikuta nikiwaza iwapo unga umebaki nyumbani.

Kidole cha msimamizi kilinifikia baadaye, kikaniangukia siku nyingi mfululizo, mpaka kiwanda kimoja cha vifuniko vya chupa kikaniandika. Ninaendesha mashine tena. Fundi wa bomba alipata kazi kwa wakwe wa mjukuu wa Nyanya, waliokuwa na mabomba yanayovuja nyumba nzima. Askari na dereva wana kibanda chao cha chapati karibu na kinyozi, na ikifika saa ya chakula cha mchana huwezi kupita kwa urahisi. Nyanya huenda kuwakagua bila kutangaza. Juzi alibonyeza donge kwa kidole, akaguna, akawaambia wote wawili waende wakaoge.