Nadhiri za Mwishehe Tarishi

Mwishehe alikuwa tarishi, na hilo lisingekuwa na ubaya wowote kama yeye mwenyewe angelikubali. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile katika ofisi moja ya serikali mjini, kumfungulia mzungu wake mlango na kumpelekea chai. Lakini jioni, akivuka Jangwani na baiskeli yake kurudi Kinondoni, cheo kilikuwa kinapanda kadiri anavyokaribia nyumbani. Akipita Magomeni alikwisha kuwa karani msaidizi. Akifika barazani kwa jirani yake Mwinjuma, ambako wanaume walicheza bao mpaka magharibi, alikuwa mtu ambaye mzungu hathubutu kutia sahihi kabla hajamwuliza.

Mkewe, Mwajabu, hakuwa na cheo. Alikuwa na kikaango cha vitumbua. Kila alfajiri aliketi nje, kando ya njia, na watu wa kwenda kazini wakamzunguka na moshi wake. Mchele wa nyumba ile, samaki, mafuta ya taa, kanga za sikukuu, nguo za watoto watatu, vyote vilitoka katika kikaango hicho. Mshahara wa Mwishehe ulikuwa na shughuli nyingine: koti, viatu vya kung'aa, na kahawa ya kuwanunulia wale waliokuwa na subira ya kumsikiliza. Si kwamba alikuwa bahili. Alikuwa mkarimu mno kwa kila mtu asiyekuwa wa nyumbani kwake.

Basi Desemba ya mwaka ule, siku ya mwisho ya kazi, aliingia na sinia la chai akamkuta mzungu wake anazungumza na mwenzake. Matarishi walimwita mzungu huyo Bwana Kiko, kwa kuwa kiko chake hakikutoka mdomoni ila kwa kula. Kiingereza cha Mwishehe kilikuwa cha kuungaunga, lakini siku ile alikipata chote. Bwana Kiko alikuwa anasema kwamba mwaka ukianza ataacha kuvuta, atapunguza tumbo, na atajifunza Kiswahili cha kueleweka. Mwenzake naye akaahidi yake, wakagonganisha vikombe.

Mwishehe alitoka mle chumbani kichwa kimemvimba. Kumbe siri ndiyo hii! Wenzetu wameitawala dunia kwa kuweka ahadi kila Januari, na sisi watu wa Pwani tunangoja Siku ya Mwaka twende kuoga baharini, turudi na mchanga masikioni! Njia nzima alikanyaga baiskeli huku anapanga. Kufika kwake Kinondoni alikwisha kuibadilisha nyumba yote, isipokuwa yeye mwenyewe.

Januari mosi ofisi zilifungwa. Baada ya sala ya alasiri Mwishehe alitandika mikeka mbele ya nyumba, akachoma ubani, akanunua halua, akaalika wanaume wa mtaa wote. Mwalimu Jabiri, mzee aliyefundisha watoto Kurani na kusalisha katika msikiti wao mdogo, alikaa mbele. Mwishehe akasimama na koti lake, jua likimchoma, jasho likimtiririka.

"Jamani, nimewaiteni mshuhudie," alianza. "Nyumba hii mnayoiona, mwaka huu haumaliziki ila iwe imeezekwa bati. Bati tupu, mbele na nyuma, makuti mtayasahau. Mie mwenyewe nitakuwa karani, wa kukaa kwenye kiti na kuita tarishi. Na barazani kwa Mwinjuma hamtaniona nimekaa tena, maana bao ni mchezo wa watu wasio na mipango."

Mwinjuma, ambaye mkononi alikuwa na pande la halua, aliacha kutafuna kidogo, akafikiri, akaendelea.

"Na mke wangu," Mwishehe akapandisha sauti ili ifike uani, "hakaangi tena vitumbua njiani. Mke wa mtu wa ofisi hakai na moshi machoni, kila mpita njia anamwagiza. Atatulia ndani. Mumewe yupo, atamlisha!"

Uani, Mwajabu alikuwa anachemsha kahawa ya kuwaongezea wageni. Alisikia kila neno. Alilishika dele la kahawa akabaki nalo vilevile mpaka kahawa ikamwagikia motoni.

Mwishehe angeishia hapo, mambo yangepita kama maneno yake mengine yalivyopita. Lakini Mwalimu Jabiri alikuwa mzee asiyependa maneno yaachwe yakielea.

"Mwishehe mwanangu," akauliza kwa upole, "haya ni matumaini, au ni nadhiri? Maana nadhiri ni ahadi na Mungu. Ukiivunja, ina kafara."

Mtu mwenye akili zake angesema, "Matumaini tu, mwalimu," akapitisha kahawa. Lakini ubani ulikuwa unafuka, macho yote yalikuwa kwake, na tangu azaliwe hajapata kuangaliwa na watu wengi namna ile. Akajipiga kifua.

"Nadhiri, mwalimu! Yote nadhiri! Leteni Fatiha!"

Wakaileta, wakapangusa nyuso, wakamaliza halua.

Wageni walipoondoka, Mwajabu alikuja akasimama mlangoni.

"Baba Zuena, nadhiri umeweka wewe. Mbona niliyefungwa ni mie?"

"Ni heshima yako, Mama Zuena. Hujui tu."

"Heshima inapikwa na nini?"

Mwishehe akamwambia kwamba wanawake hawana mawazo ya mbele. Mwajabu alikisugua kikaango kwa mchanga na majivu mpaka kikang'aa, akakitundika msumarini katika chumba cha mbele, mkabala kabisa na kiti cha mumewe.

Kesho yake Mwishehe aliwahi kazini kuliko siku zote, ili ashuhudie mwenzake wa nadhiri anavyoanza. Chai ya saa nne haijafika, Bwana Kiko alikuwa amezungukwa na moshi kama jiko la kuni mbichi.

"Bwana," Mwishehe alishindwa kujizuia, "na ile ahadi ya mwaka mpya?"

Mzungu alimtazama bila kuelewa, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Ah, ile! Ile maneno ya sikukuu tu, Mwishehe. Leta chai."

Maneno ya sikukuu tu! Mwishehe alikwenda jikoni kuchukua chai. Wenzake waliahidi kwa vikombe, na saa hizi wamesahau. Yeye aliahidi kwa ubani na Fatiha, mbele ya mtaa mzima. Hata hivyo hakumwambia mtu. Jioni barazani alisema Bwana Kiko ameacha kiko na anamshukuru yeye kwa ushauri.

Na alipofika hapo barazani hakukaa. Alisimama, akainama juu ya ubao wa bao, akacheza amekunja mgongo mpaka magharibi. Mwinjuma alipomwuliza, alijibu kwamba nadhiri ilisema hataonekana amekaa, kusimama hakutajwa. Habari hizo zilimfikia Mwajabu kabla mwenyewe hajarudi.

"Basi na mie nikaange nimesimama?" alimwuliza.

"Usifanye mzaha na mambo ya Mungu," akasema Mwishehe, mkono kiunoni kwa maumivu.

Mwisho wa mwezi alinunua bati. Bati moja, kutoka duka la Zoeb, akalileta kichwani kwa mwendo wa maringo, anasalimia hata asiowajua. Akaliegemeza mbele ya nyumba ili lionekane. Likaonekana mwezi ule, na mwezi uliofuata, na kuku wakapata pa kulala. La pili halikuja, kwa sababu mtu anayekaribia kuwa karani anahitaji tai.

Ndani ya nyumba, wali ulikuwa wa kwanza kuaga. Samaki akafuata. Wakabaki na ugali wa muhogo, kisha chai ya rangi isiyokuwa na sukari, na Mwishehe mezani akisema kwamba Wazungu pia hawali sana. Asubuhi wateja wa zamani walibisha hodi, "Mama Zuena, vitumbua vipo?" naye akawajibu kutoka ndani, bila kutokeza uso, "Mwenye nyumba ameweka nadhiri." Watoto wakajifunza kuwapo kwa Mwinjuma saa ambazo chakula kinapakuliwa. Mke wa Mwinjuma aliongeza maji kwenye mchuzi, na jioni akapitisha sahani ya Mwajabu uani, imefunikwa kwa kawa. Mwishehe aliiona sahani hiyo mara nyingi. Mara nyingine aliimega.

Masika yakaingia. Makuti ya nyumba yalikuwa ya miaka, hayakubadilishwa kwa kuwa mwenye nyumba anangoja bati. Maji yakashuka ndani kama mtu anamwaga kwa ndoo. Mwishehe aliingiza lile bati lake, akalilaza juu ya sanduku la koti, tai na viatu, vikapona. Watoto walihamishwa kutoka pembe hii kwenda ile, na yule mdogo, Tunu, akashikwa na kikohozi kisichomwacha. Mwajabu alimbeba mgongoni siku nzima, akipita mbele ya kikaango msumarini, huku mikono inamwasha kwa hasira na hana la kuifanyia. Kazi anaijua, mchele wa kukopa angeupata, wateja wanamwuliza. Kilichomzuia ni mdomo wa mtu mmoja.

Siku Mwishehe alipoangusha sinia la chai juu ya mafaili kwa kizunguzungu cha njaa, Bwana Kiko alimwonya kwamba akirudia atatafuta kazi kwingine. Hapo ndipo nadhiri ilipomwingia akilini. Watoto wake walikuwa na njaa tangu Januari. Njaa ilihesabika ilipofika kwake. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Mwalimu Jabiri.

"Mwalimu, shikamoo. Nataka mke wangu arudi kwenye vitumbua vyake. Nitoke vipi?"

"Marahaba. Kafara ipo," alisema mzee. "Ulishe masikini kumi. Asiyeweza, afunge siku tatu. Hali yako naiona, mwanangu. Funga siku zako tatu kimya, yaishe. Hakuna atakayejua."

Hakuna atakayejua! Neno hilo ndilo lililomchoma. Mwishehe akajinyoosha.

"Kufunga ni kwa asiyeweza, mwalimu. Mie naweza. Nitalisha, tena pilau, Ijumaa, mbele ya watu."

Akaliuza bati. Akanunua mchele na nyama, Mwajabu akapika, na harufu ikatembea mtaa mzima. Wanaume wa barazani wakaalikwa kuja kushuhudia. Kilichokosekana ni masikini. Walikuja wawili kutoka uani mwa msikiti, kipofu mmoja, na wachukuzi watatu wa sokoni. Wengine alipowaita walikataa. Mzee mmoja mwenye kanzu ya viraka alimwambia, "Sie masikini ni kweli, lakini si wa Mwishehe."

Wakakaa mkekani, sita. Mwalimu Jabiri akahesabu, akatikisa kichwa. "Kumi hawajatimia. Wanne bado."

Mwishehe alikuwa anatazama njiani, anatafuta mtu yeyote mwenye nguo iliyochanika, Mwajabu alipotoka uani. Alijitanda kanga yake kuukuu, Tunu mgongoni, Zuena na mdogo wake mkononi. Mwanamke hakai na wanaume wa kando kula. Hakuna asiyejua hilo. Alikaa ukingoni kabisa mwa mkeka, akawaweka watoto mbele yake.

"Sasa wametimia," akasema.

Watu wakatazamana. Mwishehe akacheka kicheko kikavu. "Mama Zuena, rudi ndani."

"Bi Mwajabu," mwalimu akasema taratibu, "kafara hailiwi na mtu anayelishwa na mwenye kafara. Mke na watoto hawamo."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nimekaa. Waulize hawa majirani, nani kanilisha mie na wanangu tangu Januari."

Mwinjuma aliangalia ubao wa bao uliokuwa mbali, kisha akainua uso. "Mie shahidi," akasema. "Wanakula kwangu. Na sahani ya usiku mke wangu hupitisha uani."

Mwalimu Jabiri akamgeukia Mwishehe. "Mwenye nyumba, ni wewe wa kusema. Hawa ni watu unaowalisha? Kama ndio, tungoje wanne wengine. Kama sivyo, kafara imetimia, tule."

Mwishehe alifungua mdomo uliozoea kutoa mambo makubwa. Akisema anawalisha, Mwinjuma yupo pale. Akinyamaza, amekubali. Alimtazama mkewe. Mwajabu alimtazama vilevile, bila kupepesa, na hakuwa na haraka.

Basi Mwishehe aliinama akachukua birika na bakuli, kama mwenyeji anavyofanya, akaanza kuwanawisha. Alimnawisha kipofu, kipofu akasema, "Mungu akuzidishie, bwana mkubwa." Akawanawisha wale wa msikitini na wachukuzi, kila mmoja akasema hivyohivyo, ndiyo adabu ya anayepewa. Akafika ukingoni. Mwajabu alinyoosha mikono yake yenye madoa ya mafuta ya moto, akanawa, hakusema kitu. Zuena akanawa ameinamisha kichwa, na mdogo wake vilevile.

Tunu aliteremshwa mgongoni. Alikuwa amewasikiliza wakubwa kwa makini, naye alikuwa mtoto aliyefundishwa adabu. Alinyoosha viganja vyake, akakohoa, akangoja maji yaishe, kisha akainua uso kwa baba yake.

"Mungu akuzidishie, bwana mkubwa."