Ng'ombe Alirudi Mwenyewe

Yowe nilipiga mimi. Nalisema mwanzoni ili mtu asije akanirushia baadaye, maana wapo wanaongoja nafasi hiyo.

Ilikuwa saa tisa alasiri, hapa kwetu Nyambureti. Kundi lilikuwa limerudi kutoka kunywa maji, na ng'ombe wetu mmoja, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, hakuwemo. Kwetu ng'ombe akikosekana mwanamke hasubiri. Anatoka uani, anapiga yowe, na kila kijana anayelisikia huacha alichoshika na kukimbia na panga au upinde kuelekea upande anaoonyeshwa. Nilionyesha ng'ambo ya kijito, kwenye kijiji ambacho tumeibiana nacho ng'ombe tangu enzi za babu zetu. Sikuwa nimeona nyayo. Sikuwa nimetafuta hata kwenye kichaka cha nyuma ya boma. Nilionyesha huko kwa sababu ndiko kila mtu huonyesha.

Wa kwanza kukimbia alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wazazi wetu walifariki yeye akiwa bado anatambaa, nikaacha shule darasa la sita nimlee yeye na dada zake wengine wawili. Mbele za watu aliniita dada. Akiwa na homa aliniita mama, na akishapona alikana kabisa kwamba aliwahi kusema hivyo.

"Panga lenyewe butu hilo," nilimwambia akinipita.

"Wataogopa sura yangu, dada," akajibu bila kugeuka.

Kabla hajafika kijitoni ukanda wa kiatu chake cha tairi ulikatika, akabaki nyuma ya wenzake. Vijana watatu wa ng'ambo walimkuta peke yake. Alitupa panga chini akainua mikono. Hilo nalijua kwa sababu mmoja wao alilieleza mahakamani, kwa sauti ya mtu anayesimulia mechi. Wawili wako gerezani. Wa tatu alivuka mpaka wa Kenya kule Sirari na hajarudi.

Ng'ombe alirudi mwenyewe asubuhi iliyofuata. Alikuwa kwenye kichaka kile cha nyuma ya boma, akizaa. Ndama alimfuata akiyumbayumba, na watu waliojaa uani kwa ajili ya msiba waliwapisha njia. Baba mdogo, mdogo wake baba yetu na mkubwa wa ukoo wetu sasa, akasema ng'ombe huyo achinjwe ili waombolezaji wapate nyama. Nikakataa.

"Nataka nimwone kila siku," nikamwambia. Akaniona nimechanganyikiwa.

Tulipotoka makaburini walikuja vijana waliotahiriwa msimu mmoja pamoja na mdogo wangu. Kwetu watu hao ni zaidi ya ndugu. Walikaa chini kando ya ukuta wa jiko, mapanga magotini. Aliyesema ni mmoja mrefu, yule aliyekuwa mbele kabisa wakati wa kubeba jeneza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Tunangoja neno lako."

Nilijua wanataka nini. Baba hayupo, mama hayupo, mkubwa wa nyumba ni mimi. Ningepiga yowe wangevuka kijito, na kabla ya jua kuzama kungekuwa na misiba mingine, kwao au kwetu. Na sitajifanya mtu mwema hapa: nilitaka. Kinywa kilikuwa kimeshajaa. Kilichonizuia ni yule ng'ombe, aliyesimama mbele yetu sote akimlamba mtoto wake.

"Mkitaka kwenda, nendeni," nikasema. "Lakini yowe langu limeshaua mtu mmoja. La pili hamlipati."

Baba mdogo akatema mate. "Kijana amelala kaburini, na dada yake anamkatia majani mabichi ng'ombe aliyemuua! Nyumba isiyo na mwanamume ndivyo ilivyo."

"Mwanamume wa nyumba hii mmemzika sasa hivi," nikamjibu. "Alikuwa na kiatu kimoja."

Hawakwenda siku hiyo. Nilijua wataenda siku nyingine, kwa yowe la mtu mwingine, kwa kuwa hawakuwa na shughuli. Wengi wao waliacha shule kama mimi. Siku nzima wako kijiweni kwenye meza ya pool, na hapo ndipo wenye malori hupita kutafuta vijana wa kuswaga ng'ombe wa watu hadi barabarani. Anayekamatwa ni kijana. Mwenye lori sijawahi kumwona mahakamani, na kesi ya mdogo wangu ilinipeleka huko miezi mingi.

Nilianza na kile nilichokosa siku ile, yaani nyayo. Nilimwendea jirani yetu mzee ambaye ujanani mwake alifuata nyayo za ng'ombe kutoka Tarime hadi mbugani, nikamwomba awafundishe hao wa kijiweni.

"Hawa wanajua kukimbia tu," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, baba."

Jumamosi ya kwanza walikuja wawili, na walikuja kwa ajili ya uji. Ulikuwa uji wa ulezi wenye maziwa ya yule ng'ombe mwekundu. Niliwaambia hivyo kabla ya kuwamiminia. Mmoja alikisukuma kikombe mbali. Jumamosi iliyofuata alikunywa. Mzee aliwafundisha kutofautisha ng'ombe anayejitembelea na anayeswagwa: anayeswagwa huchimba ardhi kwa ncha za kwato, na njiani hutaona majani aliyong'ata. Baada ya somo tulifyatua matofali hadi mchana. Tanuri la kwanza lilinunuliwa na mtu aliyekuwa anajenga karibu na bwawa la Manchira, na yule mrefu alikwenda na lori la matofali hadi huko, amekaa juu kabisa kama waziri. Sharti langu lilikuwa moja tu, kwamba panga linabaki langoni.

Dukani waliniita mwalimu mkuu wa darasa la sita. Niliwaambia ni kweli, na kwamba wanafunzi wangu wanawahi kuliko wa shuleni.

Halafu mwaka huu, asubuhi moja, yowe likapigwa nyumbani kwa baba mdogo. Ng'ombe wake sita walikuwa wamechukuliwa, na safari hii zizi lilikuwa limevunjwa kweli. Njia ya kwenda kijitoni inapita mbele ya lango langu. Nikatoka nikasimama katikati yake. Yule mrefu alikuja wa kwanza, panga mkononi, na nyuma yake wote niliowanywesha uji.

"Dada, tupishe!"

"Mmeona nyayo?"

"Ng'ombe sita wa mzee, dada!"

"Nimeuliza nyayo. Mapanga yaacheni hapa, kisha twende wote."

Baba mdogo akafika akihema. "Toka njiani! Uliinyima damu yako yowe, sasa unataka kuzuia na la kwangu?"

"Ndiyo," nikasema. "Na la kwako."

Nilikuwa namtazama yule mrefu, kwa sababu kama angenipita yeye, wote wangenipita. Aliinama. Akasogea hatua tatu akiangalia chini, akagusa vumbi kwa kidole.

"Wameswagwa," akasema. "Kuna viatu vya watu wawili." Akaliegemeza panga lake kwenye nguzo ya lango. Mengine yakafuata, moja moja, kwa manung'uniko mengi.

Nyayo zilivuka kijito palepale alipouawa mdogo wangu. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu siku ile. Nilivuka.

Sisi tuna desturi kwamba nyayo zikiingia kijiji cha watu, wenyewe huzipokea na kuonyesha zilipotokezea upande wa pili. Wakishindwa, wizi ni wao. Boma la kwanza ng'ambo lilikuwa la mama wa mmoja wa wale wawili walio gerezani. Alikuwa anaanika muhogo. Tulifahamiana, tumekaa mahakamani kwenye mabenchi yanayotazamana miezi mingi. Vijana wa kwao walikuwa wameshasikia yowe, wamesimama nyuma yake na mapanga.

"Umefuata nini huku?" akaniuliza.

"Nimeleta nyayo. Zimeingia shambani kwako. Zipokee."

Akatazama mikono yetu, mmoja baada ya mwingine.

"Mmekuja hivyo hivyo tu, mikono mitupu?"

"Mdogo wangu naye alikuwa hivyo hivyo," nikasema.

Aliutua ungo wake chini. Kisha akamgeukia mwanawe mdogo. "Weka panga chini, mura, kijana wangu. Pokea nyayo za watu."

Tukaenda pamoja, wao na sisi, vichwa vimeinama, vijana wakibishana kuhusu kinyesi kama kina joto au hakina. Nyayo zilitoka kijijini kwao, zikapita nyuma ya shamba la mtama, zikaishia kwenye barabara kuu. Pale palikuwa na alama za matairi ya lori.

"Ni Fuso," akasema yule mrefu.

"Fuso wapi, mura? Tazama upana huo," akasema kijana wa ng'ambo, na wakachuchumaa wote wawili kupima kwa viganja.

Ng'ombe hawajapatikana hadi leo. Baba mdogo hanisalimii. Siku ile hakuna aliyezikwa.

Jumamosi iliyofuata yule mama alisimama langoni kwangu na mwanawe huyo mdogo.

"Anasema mzee wenu anajua nyayo," akasema.

"Yule wa gerezani sijamsamehe."

"Sijakuomba. Nimekuletea huyu."

Akaondoka. Nilimwonyesha kijana mahali pa kuacha panga, akasema hakuja nalo. Nikammiminia uji na kumweleza ni maziwa ya ng'ombe gani, kama ninavyowaambia wote. Wenzake waliacha kunywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

Baba mdogo alikuwa anapita njiani. "Unamnywesha ndugu wa muuaji!" akapaza sauti. "Maziwa hayo hayo!"

Nikachota upawa wa pili nikakijaza kikombe cha yule kijana hadi ukingoni, taratibu, ili baba mdogo aone vizuri.